Una kisukari na mtoto wa jicho? Kagua retina kabla ya upasuaji

Ukiwa na kisukari na umeambiwa una mtoto wa jicho, usipokee tarehe ya upasuaji kabla nyuma ya jicho hapajaangaliwa. Nawaambia hivi wagonjwa wangu kila siku ya kliniki, maana wengi wanadhani ukungu wote wanaouona unatoka kwenye lenzi. Mara nyingi retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, nayo ina lake.

Jicho likipasuliwa, hata na daktari hodari, hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Zikifika nyuma, mishipa midogo ya retina inavuja, na maji yanajikusanya kwenye makula, sehemu ya katikati tunayosomea na kutambulia sura za watu. Daktari wa macho Irvine alieleza hali hii mwaka 1953. Inaweza kumpata yeyote, lakini mishipa iliyodhoofishwa na kisukari, au iliyowahi kuziba, huvuja kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo, omba utiwe matone ya kutanua mboni na retina ikaguliwe. Siku hiyo njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kama hospitali ina OCT, mashine inayopiga picha ya matabaka ya retina kwa mwanga, piga picha ya makula. Inaonyesha maji ambayo daktari anaweza asiyaone kwa macho. Mtoto wa jicho akiwa mzito mno, retina haionekani, basi hufanywa ultrasaundi ya jicho, na ukaguzi kamili unafanywa mara baada ya upasuaji.

Maji yakikutwa tayari yapo, kwa kawaida yanatibiwa kwanza, mara nyingi kwa sindano za Avastin, dawa ya kupunguza kuvuja kwa mishipa, ndani ya jicho. Najua neno sindano linatisha. Jicho hutiwa ganzi kwanza, na wengi husikia kama kusukumwa tu. Kubali kuchelewa. Sukari nayo ishushwe taratibu pamoja na daktari wako. Kuishusha kwa pupa kunaweza kuichafua retina zaidi kwa muda.

Baada ya upasuaji, kazi kubwa ni matone, na hapa ndipo ninapowasumbua sana ndugu wa mgonjwa. Mara nyingi utapewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, na mwenye kisukari huongezewa ketorolaki au nepafenaki, dawa za uvimbe zisizo steroidi. Nawa mikono. Tikisa chupa ya prednisoloni vizuri, kwa sababu dawa hutuama chini, na usipoitikisa unajitilia majimaji matupu. Vuta kope la chini kwa kidole bila kulikandamiza jicho, dondosha tone moja, mdomo wa chupa usiguse kope. Fumba polepole, bonyeza kidogo pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili. Subiri dakika 5 ndipo utie dawa nyingine. Bibi akisema "naona vizuri, ya nini tena?", mwambieni matone bado yana kazi, amalize kama alivyoandikiwa.

Wiki ya 4 hadi ya 6 ndiyo ya kuangalia sana. Ziba jicho moja, tazama nondo za dirisha kwa jicho lililopasuliwa. Zikionekana zimepinda, au katikati pana kivuli, au maandishi uliyokuwa unayasoma yamefifia, rudi kliniki wiki hiyohiyo. Usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Maji yakiwahiwa, mengi hukauka kwa matone, mengine kwa sindano. Jicho likiuma, likawa jekundu na kuona kukapungua ghafla, hilo ni jambo jingine: nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, huenda ni maambukizi.

Na tafadhali, matone yakiisha usiende duka la dawa kununua prednisoloni nyingine mwenyewe. Inaweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na presha hiyo inaweza kuua mshipa wa kuonea. Njoo tuipime kwanza, na uje na chupa zako zote.