Zabuni za usafiri wa mijini Ulaya: jua kwanza nani anabeba hasara

Kama unaishi katika nchi ya Umoja wa Ulaya na una kampuni ndogo ya mabasi, baiskeli za kukodi au vituo vya kuchaji magari ya umeme, usikimbilie kujaza fomu jiji linapotangaza zabuni. Tafuta kwanza kurasa zinazoeleza malipo. Hapo ndipo utajua kama unaomba mkataba wa kawaida wa huduma au konsesheni.

Katika mkataba wa huduma, jiji linakulipa kwa kazi uliyofanya, wateja wawepo wasiwepo. Katika konsesheni unapewa haki ya kuendesha huduma, kisha unajilipa kutokana na ada za watumiaji. Direktivu ya 2014/23, yaani sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu konsesheni, inasema mwendeshaji abebe hatari halisi ya biashara, yaani asiwe na uhakika wa kurudisha mtaji wake. Mwaka 2005, katika kesi ya Parking Brixen iliyohusu maegesho ya mji mmoja wa kaskazini mwa Italia, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba mwendeshaji anayelipwa na wenye magari ana konsesheni, na kwamba kuitoa bila uwazi wowote ni kinyume cha mikataba iliyounda Umoja.

Chukua mradi wa baiskeli 300. Jiji likikulipa kiasi maalumu kwa kila baiskeli, mvua ikinyesha mwezi mzima bado fedha zinaingia. Likikuachia ada za wanaokodi peke yake, hasara ya mwezi huo ni yako. Ipo pia mikataba ya katikati, ambapo jiji hufidia sehemu ya pengo. Hii isome neno kwa neno, hasa kifungu cha bei. Ukikuta hatari ya kukosa wateja ni yako lakini bei inapangwa na jiji, bila kupanda gharama zinapopanda, mimi ningekushauri usitie saini. Peleka swali kwa maandishi kabla tarehe ya mwisho ya maswali haijapita.

Thamani ya konsesheni nayo inawachanganya wengi, kwa sababu haihesabiwi kwa mwaka mmoja. Ni mapato yote yanayotarajiwa kwa muda wote wa mkataba, bila VAT. Euro 600,000 kwa mwaka kwa miaka 10 ni milioni 6, wakati kikomo cha 2024 na 2025 kilikuwa euro 5,538,000 (hubadilishwa kila baada ya miaka miwili). Ikivuka hapo, tangazo hutolewa kwenye TED, jarida la zabuni la Umoja mtandaoni. Chini ya hapo, fuata sheria ya nchi unayoishi.

Wenye mabasi, konsesheni zenu zina sheria yake: Kanuni ya 1370/2007. Kwa kawaida mkataba wa basi hauzidi miaka 10. Kuna nafasi ambayo ni muhimu sana kwa wadogo: pale sheria ya nchi isipokataza, kampuni yenye magari yasiyozidi 23 inaweza kupewa mkataba moja kwa moja, bila zabuni, ikiwa wastani wa thamani kwa mwaka ni chini ya euro milioni 2 au kilomita za mwaka ni chini ya 600,000.

Omba kwa kampuni iliyosajiliwa huko huko Ulaya, si ile ya nyumbani, nje ya Umoja. Katika hukumu ya Oktoba 2024 kuhusu Kolin, kampuni ya Uturuki, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kampuni kutoka nchi isiyo na makubaliano ya manunuzi na Umoja haiwezi kudai kutendewa sawa na wengine. Ukikosa mtaji au uzoefu, sheria inakuruhusu kuungana na wenzako au kutegemea uwezo wa kampuni nyingine, mradi uthibitishe kwamba utaupata kweli.

Ukishindwa, omba sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Kwa zabuni zilizovuka kikomo, jiji likikujulisha kwa njia ya kielektroniki, kwa kawaida lazima lisubiri angalau siku 10 kabla ya kusaini na mshindi. Rufaa inayofika baada ya saini huwa ngumu zaidi.