Mkataba wa kulipa kwa akiba ya umeme: anza na bili, taa baadaye

Napima umeme wa taasisi hapa Moshi na Arusha, na siku hizi naulizwa sana kuhusu ule mkataba ambao mkandarasi anafunga taa, pampu na sola kwa mtaji wake, kisha analipwa kutokana na kilichookolewa kwenye bili. Kambi za jeshi la Marekani wanautumia; sheria yao inaruhusu hadi miaka 25, akiba ikiwa na dhamana na kupimwa kila mwaka. Kambi, chuo au hospitali ya huku inaweza kuufuata, mradi mkandarasi asipange peke yake hesabu ya mwanzo, yaani matumizi ya kabla ya kazi ambayo akiba hupimwa kwayo.

Toa bili za miezi 12 au zaidi, pamoja na daftari la dizeli. Akikwambia mitatu inatosha, muulize ni mitatu ipi. Juni na Julai huku ni baridi, hita za maji ya kuoga hazizimwi. Mkianzia hapo, Desemba ataonekana kaokoa hata kama hajafunga kitu. Andika pia watu waliolala bwenini kila mwezi. Kuruta wakiongezeka umeme unapanda bila kosa la mtu, na mkataba useme hesabu itarekebishwaje.

Mkiwa tarifu ya T2, kundi la bei la TANESCO kwa watumiaji wakubwa, mnalipia yuniti na kilele cha kVA pia, yaani mzigo mkubwa kuliko wote mliovuta kwa wakati mmoja mwezi huo. Pampu na majiko yakiwashwa pamoja alfajiri moja, kilele cha mwezi mzima kimeshaandikwa. Pangeni zamu ya kuviwasha wenyewe kabla ya kusaini, msije mkamlipa mtu kwa hilo.

Taa ni rahisi: tyubu 400 za wati 36 zikiwekwa LED za 18, zikiwaka saa 10, mnaokoa yuniti 72 kila usiku. Pampu ndizo za kuangalia kwa macho. Ingia chumba cha pampu ya kusukuma maji mabwenini: utakuta valvu imebanwa nusu, bomba linatetemeka, mota inazunguka kasi ileile. Kupunguza kasi kwa asilimia 20 kunaweza kushusha umeme wake karibu nusu. Ila akikupigia hesabu hiyohiyo kwa kisima kirefu, mkatalie. Kule kazi kubwa ni kunyanyua maji.

Umeme wa dharura uwe na kifungu chake, kwa sababu akiba kwenye bili haiwashi friji ya dawa. Sola iliyoungwa na gridi bila betri, kwa kawaida, hujizima TANESCO wakikata, hata saa sita mchana jua likiwaka. Orodhesheni vya lazima: zahanati, mawasiliano, lango, maji. Siku ya makabidhiano zimeni swichi kuu saa 1 usiku, na vya lazima viendelee kuwaka hadi asubuhi, jenereta ikiwa imefungwa kufuli. Malipo ya kwanza yasianze mpaka jaribio hilo lipite.