Cheti cha shule kina tarehe ya kuzaliwa isiyo sahihi: anzia kwenye daftari la shule, usianzie kwenye kiapo

Cheti changu kilitoka kikisema nimezaliwa mwaka 1991. Nimezaliwa 1997. Kusahihisha tarakimu hiyo moja kulinichukua mwaka mmoja na miezi minne, na miezi saba kati ya hiyo ilipotea bure kwa sababu nilianzia mahali pasipo pake. Naandika haya ili wewe usiipoteze.

Nilifanya wanavyofanya wengi. Nilienda kwa wakili, nikala kiapo kwamba nimezaliwa 1997, nikaambatanisha cheti cha kuzaliwa, nikapeleka baraza la mitihani. Masijala wakapokea, wakagonga muhuri, nikaambiwa nisubiri. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: tarehe iliyo kwenye cheti inalingana na ile iliyowasilishwa na shule, kwa hiyo baraza halioni kosa. Niliumia sana, lakini baada ya kutulia nikakubali kwamba wana hoja. Baraza halijui ulizaliwa lini. Linajua shule ilijaza nini kwenye orodha ya watahiniwa, basi. Na hati ya kiapo ni maneno yako mwenyewe, uliyoyasema leo kwa sababu ya shida ya leo. Peke yake haina nguvu ya kufuta rekodi iliyoandikwa wakati ambapo hukuwa na sababu ya kudai chochote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta kosa liliingilia wapi. Tarehe yako imenakiliwa mara kadhaa kabla ya kufika kwenye cheti: kutoka kwa mzazi kwenda kwenye daftari la kuandikisha wanafunzi, kutoka hapo kwenda kwenye fomu ya usajili wa mtihani, kisha kwenye cheti. Rudi nyuma hatua moja moja mpaka uikute tarehe sahihi. Hapo ilipokuwa sahihi kwa mara ya mwisho ndipo penye ushahidi wako.

Mimi niliikuta kwenye daftari la shule ya msingi. Ni daftari kubwa la jalada gumu, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi. Mwalimu aliyeniandikisha alikuwa akiandika 7 kama fimbo iliyosimama, ina kikono kifupi mno juu, na wino ulikuwa umefifia hapo hapo kwenye kikono. Aliyenakili baadaye aliona 1. Lakini kwenye mistari ya juu yangu kulikuwa na tarehe nyingine za mkono ule ule, na 7 zake zote zina kile kikono, wakati 1 zake hazina kitu. Ndiyo maana nakushauri uombe nakala ya ukurasa mzima iliyothibitishwa, hata kama shule itafunika majina ya wenzako. Mstari wako peke yake hauonyeshi jinsi mwandishi alivyozoea kuandika.

Kisha omba barua ya mkuu wa shule, na uisome kabla hujatoka ofisini kwake. Barua yangu ya kwanza ilisema tu kwamba ninafahamika shuleni na nilikuwa na nidhamu. Haikunisaidia chochote. Barua inayofaa inataja namba yako ya kuandikishwa, tarehe uliyoandikishwa, tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye daftari, tarehe iliyopelekwa baraza, na inakiri wazi kwamba kosa lilitokea wakati wa kunakili. Saini, cheo, muhuri.

Ikiwa daftari lenyewe lina kosa, safari ni ndefu zaidi, kwa sababu shule haiwezi kujisahihishia tu. Chunguza kosa ni la aina gani. Mara nyingi siku na mwezi vimebadilishana: 03/07 kwa mmoja ni tarehe 3 Julai, kwa mwingine ni Machi 7. Wengine walitaja tarehe ya kalenda nyingine. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na kalenda ya Ethiopia iko nyuma miaka 7 hadi 8. Ukieleza kosa lilivyotokea, afisa ana kitu cha kushika. Na kwenye kila karatasi utakayoandika kuanzia sasa, andika mwezi kwa maneno.

Kuhusu ushahidi, kilichoandikwa mapema ndicho chenye uzito. Cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa ungali mchanga kinatosha karibu peke yake. Changu kilisajiliwa nikiwa mtu mzima, baada ya cheti cha shule kutoka, na hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa. Kilichoniokoa ni kadi ya kliniki ambayo mama aliitunza, uzito wangu umeandikwa mwezi baada ya mwezi tangu 1997. Kama huna kadi, tafuta daftari la wazazi la hospitali, cheti cha ubatizo, au vyeti vya ndugu zako wa tumbo moja. Fanya na hesabu ya kawaida: niliingia darasa la kwanza 2004, na kwa tarehe ya kwenye cheti ningekuwa na miaka 13. Niliandika hesabu hiyo kwenye barua ya maombi na afisa akaipigia mstari. Ila nawe jihesabie kabla ya wao. Kama tarehe unayoitaka inakufanya uwe ulianza shule na miaka mitatu, watakataa. Usitumie pesa kwa kipimo cha mifupa. Kinakadiria umri, hakitoi tarehe.

Sasa ndipo kiapo kinapoingia. Aape mama, au mtu mzima aliyekuwepo ulipozaliwa, na hati iseme amejuaje anachokisema. Itaje tarehe zote mbili, iliyo sahihi na isiyo sahihi, na kila kiambatisho kipewe alama yake. Hati ya kubadili jina haihusiki hapa kabisa, hata ukiambiwa ndiyo njia ya mkato.

Peleka yote kwa pamoja, na udai nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa namba ya jalada. Usiwahi kuondoka bila namba hiyo. Uliza pia ukomo wa muda, kwa kuwa mabaraza mengi huweka kikomo cha kuomba marekebisho. Ukikataliwa, omba ukataliwe kwa maandishi, maana mahakama itataka kuona kwamba ulianza kwa kubisha hodi barazani. Huko mwambie wakili aombe mambo mawili: mahakama itamke tarehe yako sahihi, na iamuru baraza lirekebishe cheti.

Vishoka watakufuata nje ya geti wakisema wana mtu ndani. Kaa nao mbali, na usiguse tarakimu kwenye cheti kwa wembe wala kalamu. Hiyo ni kughushi, na ukigundulika hata haki yako ya kweli itakufa. Usikitie laminesheni pia, kwa sababu kitarudishwa barazani. Toa nakala zilizothibitishwa kabla hujakikabidhi.

Siku ya kuchukua cheti kipya, usisaini daftari la kupokea kwanza. Nilimwomba karani anisomee kimoja kimoja: majina, namba ya mtihani, siku, mwezi, mwaka. Nilifuata kwa kidole huku nikitazama kadi ya kliniki. Tulipofika 1997 nikamwomba arudie, akarudia, nikasaini.