Mashine mbili za kamera, ruta moja: kila moja ipe poti yake ya nje

Ukiwa na mashine mbili za kurekodi kamera kwenye ruta moja, tuseme ya nyumba na ya banda la kuku, usizifungulie poti (namba ya mlango ambao maombi ya mtandao hupitia) ileile ya nje. Ombi likifika poti 80, ruta haiwezi kujua unataka ipi. Nje tofautisha, ndani acha zilivyo: poti ya nje 8081 iende mashine ya nyumba, yenye anwani ya ndani 192.168.1.20, poti 80. 8082 iende ya banda, 192.168.1.21, poti 80. Ukiwa mbali, tuseme Mbalizi, unaandika anwani ya intaneti ya nyumbani, nukta mbili, 8082, unaona kuku wako.

Lakini kwanza zifunge anwani za ndani zisibadilike, kwenye sehemu ya DHCP ya ruta (inayogawia vifaa anwani), kwa kutumia namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kila kifaa. Hapa kwangu Uyole umeme ulikatika usiku. Uliporudi, ruta ikagawa anwani upya, na asubuhi 8082 ikanifungulia ukurasa wa printa! Nilihangaika na nyaya saa nzima.

Wa ruta za laini ya simu, tazameni anwani ya WAN, yaani ile ambayo ruta inapewa na mtoa huduma. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnagawana anwani moja na wateja wengine, na poti mtakazofungua hazitapokea kitu kutoka nje. Hapo ombeni anwani ya umma kwa mtoa huduma.

Na tafadhali, badilisha nywila ya kiwandani kabla hujafungua poti yoyote. Poti iliyo wazi hupapaswa na programu za wadukuzi usiku na mchana.