Jinsi ya kulinganisha kozi za chuo kwa kipato, kabla hujajaza maombi

Matokeo ya form six yakitoka steshenari kwangu inajaa na swali ni lilelile, kozi gani inalipa. Huwa sijibu, nachukua karatasi nachora safu nne tunaanza kujaza wote, na mzazi akiwepo ndo vizuri zaidi. Wewe fanya hivohivo nyumbani, unahitaji bando na kalamu tu.

Hatua ya 1
Pakua kitabu cha udahili cha TCU (tume ya vyuo vikuu Tanzania) cha mwaka huu. Chagua kozi tatu nne ambazo kombi yako inakubali, usiandike kumi. Pembeni andika kozi ni miaka mingapi.

Hatua ya 2
Sasa andika miaka ya kweli, yaani mpaka slip ya kwanza ya mshahara. Udaktari ni 5 na internship 1, hapo 6. Famasi 4 na 1. Sheria ukitaka uwakili lazima upite Law School baada ya digrii. Uhasibu unamaliza mitatu ila kazi nyingi nzuri wanataka CPA, cheti cha uhasibu wa kitaaluma, na ile mitihani yake ya NBAA (bodi ya wahasibu) inakula mda na hela. Ualimu 3, unaonekana mfupi, ila ngoja kwanza.

Hatua ya 3 (usiiruke hii)
Ingia Ajira Portal, tovuti ya matangazo ya kazi za serikali, na sio leo tu, fuatilia miezi kadhaa. Kwenye kila tangazo la kada yako andika nafasi ngapi, ngazi ya mshahara, mfano TGS D, alafu soma pale kwenye sifa za mwombaji neno kwa neno. Kuna binti nilimjazia mwenyewe kozi yenye jina refu tamu, mama yake alifurahi kweli, kamaliza na GPA nzuri na kila tangazo likitoka kozi yake haimo, imeandikwa ile kozi mama ya zamani ambayo tuliiona ya kishamba. Mpaka leo nikikutana nae njiani naona aibu. Kwaiyo kozi ambayo hujaiona kwenye tangazo hata moja, weka sifuri.

Hapa pia ndo utaelewa ualimu. Wawili wana digrii moja, wakiajiriwa wanaanza ngazi moja, ila wa fizikia na hesabu anaitwa mapema na wa historia na kiswahili yuko mtaani mwaka wa nne anajitolea. Mshahara ni uleule, foleni ndo tofauti.

Private hawaandiki mshahara, huko tafuta watu watano waliomaliza kozi hiyo kama miaka mitatu nyuma uwapigie. Usiulize analipwa sh ngapi atakudanganya, uliza alikaa benchi miezi mingapi na kazi ya kwanza aliipataje. Wakisema wote "kuna mjomba alinishika mkono" na wewe mjomba huna, basi ushajua.

Hatua ya 4
Toa makato. Tuseme umeajiriwa serikalini kwa 800,000. Bodi ya mikopo 15% ya mshahara wa msingi ni 120,000, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5% ni 40,000, bima ya afya 3% ni 24,000. Imeondoka 184,000 na PAYE, kodi ya mshahara, bado. Na aliyekula bumu (mkopo wa chuo) miaka mitano deni lake linakatwa mda mrefu kuliko wa miaka mitatu, hilo watu wanasahau kabisa.

Hatua ya 5
Kwa kila kozi andika mwaka wa 1 mpaka wa 10 kuanzia unaingia chuo. Miaka ya darasani sifuri, ya benchi sifuri, inayobaki weka mshahara baada ya makato, jumlisha. Kozi yenye mshahara mkubwa mara nyingi haishindi hapo.

Ukimaliza ongeza mstari mmoja wa diploma, uuguzi au utabibu, miaka 3 chini ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati na ufundi), ujaze vilevile kama zingine. Mzazi atanuna, we jaza tu.