Kabla ya Kuvuta Trela Kwenda Kilifi

Ratiba ya msafara wa boti katika Hori ya Kilifi, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, hupangwa na maji, si na kamati. Wanachama wengi wa Nairobi wamezoea Ziwa Naivasha, lisilojaa wala kupwa, kwa hiyo jedwali la maji lisomwe kabla hata ya kuchagua wikendi. Na lisomwe kwa makini: 04:10 ya jedwalini ni saa kumi na dakika kumi alfajiri, si saa nne.

Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, huwa ni bamvua. Maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa saa nne au saa tano. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Wiki moja baadaye ni maji mafu: tofauti hushuka hadi kama mita 1, na maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kwa kundi lenye manahodha wageni, chagueni maji mafu. Mkondo ni mpole, na mnaweza kupanda hori kuanzia saa mbili asubuhi maji yakiwa bado yanakuja, kisha mkageuza mara tu yanapoanza kutoka.

Mpango huo una sababu. Boti ikikwama matopeni maji yakijaa, subiri kidogo tu, itaelea. Ikikwama yakipwa, itakaa pale saa nyingi. Ikikwama kwenye kilele cha bamvua, huenda maji ya siku zinazofuata yasiifikie, ikabaki kwenye mikoko karibu wiki mbili. Kumbukeni pia kuwa maji hayaendi kwa kasi moja: katika saa sita za kujaa au kupwa, zile mbili za katikati hubeba nusu ya maji yote. Wakati huo msiusogelee mlango wa hori maji yakitoka huku upepo ukivuma kutoka baharini, maana mawimbi husimama wima na kufuatana karibu karibu.

Mashine ndiyo huwasumbua zaidi watu wa bara. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na wengi huweka jeti ndogo za kabureta (vitundu vya kupitishia mafuta) na propela ambayo mapanga yake yana mkunjo mdogo. Ukishuka Kilifi hivyo hivyo, mafuta huwa machache kwa hewa ile nzito, pistoni huungua, na mashine huzunguka kupita kiwango chake. Rudisha jeti na propela za usawa wa bahari ukiwa bado Nairobi. Vipande vya kinga dhidi ya kutu viwe vya zinki au alumini, kwani vile vya magnesi vya maji baridi huliwa haraka na chumvi. Beba impela ya akiba, ile pangaboi ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine. Kila mkivuka matope, tazama ule mchirizi wa maji nyuma ya mashine. Ukidhoofika, zima, uinue, utoe tope na majani kwenye tundu la kunyonyea.

Petroli igawanywe mara tatu: theluthi ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba. Mashine ya nguvu farasi 40 ikisukumwa hadi mwisho hunywa takriban lita 15 kwa saa.

Trela: Mtito Andei, gusa kitovu cha kila gurudumu. Kisipogusika kwa joto, beringi ina kasoro; usiendelee. Mariakani, kata kushoto upitie Kaloleni hadi Mavueni. Ukifika ufuoni ngoja nusu saa kabla ya kuzamisha trela, maana kitovu cha moto kikipoa ghafla hufyonza maji ya chumvi ndani, na beringi huanza kutu safarini kurudi nyumbani.

Kamba ya nanga hupimwa kwa maji yaliyojaa. Penye kina cha mita 3 maji yakipwa, ongeza mita 3 za bamvua na mita 1 ya kimo cha omo (mbele ya boti) juu ya maji: jumla 7, mara tano, mita 35. Boti zote zitie nanga kwa namna moja, kwani mkondo ukigeuka, ya nanga moja huzunguka na ya nanga mbili haizunguki, zikagongana. Msifunge kamba kwenye mizizi ya mikoko: chaza walioganda pale hukata kamba na kupasua boti za mpira.

Boti ya mbele iwe na mwenyeji anayejua mkondo wenye kina na nyavu za wavuvi zilipotegwa, nyingi zikiwa na vidumu tu vya kuelea. Ya mwisho iwe na mashine yenye nguvu ya kukokota. Redio ibaki chaneli 16, ya wito na dharura. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe, zisikaliwe. Mtu wa nchi kavu abaki na orodha ya boti, majina ya waliomo, na saa ambayo, msipokuwa mmerudi, atapiga simu kuomba msaada.