Jinsi Vyuo Vikuu vya Umma Tanzania Vinavyochagua Waombaji wa Shahada ya Kwanza

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, mwombaji wa shahada ya kwanza nchini Tanzania hutuma maombi yake moja kwa moja chuoni, si tena kupitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Uchaguzi wenyewe kwa hiyo hufanyika chuoni, na sisi tunaofanya kazi ya udahili huulizwa kila msimu: "Nina sifa zote, mbona sikuchaguliwa?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake linahitaji kufuatilia ombi hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Kuhakiki taarifa

Namba za mtihani wa Kidato cha Nne na cha Sita ndizo zinazotumika kupata matokeo ya mwombaji kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwenye stashahada huwasilisha namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, inayotolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), na aliyesoma nje ya nchi hutakiwa kwanza kupata ulinganifu wa cheti chake, yaani uthibitisho wa kiwango chake kikilinganishwa na vyeti vya Tanzania.

Hatua ya pili: Kupima sifa za chini

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Kiwango cha chini cha jumla ni pointi 4.0 kutoka masomo mawili, lakini masomo hayo sharti yawe yale yanayotambuliwa na programu inayoombwa. Chukua mwombaji mwenye Biolojia B, Kemia D na Fizikia E. Jumla yake ni pointi 7, naye huamini yuko salama. Akiomba programu inayotegemea Fizikia na Kemia, anabaki na pointi 3, na ombi lake linaishia hapo. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wazingatie kwamba C yao huhesabiwa pointi 2, kwa kuwa miaka hiyo kulikuwa na daraja la ziada, B+, kati ya A na B, lililoshusha pointi za madaraja ya chini yake.

Kwa mwenye stashahada, kinachotazamwa ni wastani wa alama za stashahada (GPA) usiopungua 3.0, ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne kuanzia D, na uhusiano wa fani aliyosoma na programu anayoiomba.

Hatua ya tatu: Kushindanisha waombaji

Kutimiza sifa za chini kunampa mwombaji haki ya kushindanishwa tu. Kila programu ina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa, na waombaji wenye sifa hupangwa kuanzia mwenye ufaulu wa juu hadi nafasi zinapojaa. Pointi za mtu wa mwisho kuingia hutegemea walioomba mwaka huo, hivyo hakuna afisa anayeweza kukutajia mapema. Kwa maoni yangu, kujaza chaguo zote kwa programu zenye ushindani mkali, kama udaktari, ni kujinyima nafasi: tanguliza unayoitamani, kisha weka angalau moja ambayo ufaulu wako umezidi sifa zake kwa mbali.

Hatua ya nne: Kuidhinisha na kutangaza

Orodha hupitishwa na vikao vya chuo, kisha hupelekwa TCU kwa uhakiki kabla majina hayajatangazwa.

Hatua ya tano: Kuthibitisha

Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe chuo kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu ya siri, ndani ya muda uliotangazwa. Nafasi zinazoachwa wazi hurudishwa katika awamu inayofuata, kwa hiyo ambaye hakuchaguliwa awamu ya kwanza aangalie ni programu zipi bado zina nafasi, azipime upya kwa masomo yake mawili yanayohusika, kisha aombe tena dirisha linapofunguliwa.